Chemba tatu za makalavati kwa gereji na sehemu za kuoshea magari Kigoma: zinanasa nini, zinapitisha nini

Kwa mwenye gereji au sehemu ya kuoshea magari Kigoma-Ujiji, chemba tatu za makalavati ndicho kifaa cha kunasa mchanga na mafuta ambacho fundi wa hapahapa anaweza kukijenga bila kuagiza chochote kutoka Dar es Salaam. Ni pete za zege zinazopandishwa moja juu ya nyingine ndani ya shimo, mashimo matatu kwa mstari, yakiunganishwa kwa bomba la PVC la inchi 4. Maji machafu yanaingia huku, yanatokea kule yakiwa yameacha mchanga chini na oili juu. Kwa maji ya kuoshea magari tunakipa nyota nne kati ya tano. Kwa maji ya mvua tunakipa moja, na hata hiyo ni ya huruma.

Ndiyo maana utakuta mtu anakisifia Agosti na kukilaani Desemba. Kifaa ni kilekile, kilichobadilika ni maji yanayoingia.

Tuanze na kinachofanya kazi. Pete ya kawaida ina kipenyo cha ndani cha mita 1, kimo cha sentimita 50 na ukuta wa sentimita 10. Kila chemba inakula pete tatu, kitako na mfuniko. Maji yakisimama kwenye kina cha mita 1.2, chemba moja inabeba lita 940 hivi, zote tatu lita 2,800. Gari dogo linalooshwa kwa mpira linakula kama lita 150, kwa hiyo magari 20 kwa siku ni lita 3,000. Maji yanayoingia asubuhi yanakaa humo karibu siku nzima ya kazi kabla ya kutoka.

Mpira mmoja unaotoa lita 15 kwa dakika unaingiza robo lita kwa sekunde. Uso wa maji wa chemba ni mita za mraba 0.785. Ukigawanya, unapata kasi ya milimita 0.3 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ambayo oili na mchanga lazima viishinde ili vinaswe. Tone la oili lenye upana wa mikroni 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) linapanda milimita 1.2 hivi kwa sekunde. Mchanga laini wa mikroni 100 unashuka kama milimita 8. Vyote viwili vinanaswa bila taabu, hata mipira miwili ikifunguliwa kwa pamoja. Kinachoponyoka ni udongo mfinyanzi: chembe ya mikroni 2 inahitaji karibu siku nne kushuka mita 1.2, na chemba haina siku nne za kuipa. Basi maji ya mwisho yatabaki na wekundu kidogo, na fundi anayekuahidi maji meupe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa mvua. Chukua ua wa zege wa mita za mraba 300 ambao maji yake yote yameelekezwa kwenye chemba, kama inavyofanywa mara nyingi kwa sababu ni mfereji mmoja tu wa kuchimba. Mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja inamwaga lita 12,000 juu ya ua huo, na kama lita 10,800 zinatiririka. Hizo ni lita 3 kwa sekunde. Ndani ya chemba kasi inakuwa milimita 3.8 kwa sekunde, mara tatu ya ile ambayo tone la oili linaweza kupanda. Maji yote ya chemba zote tatu yanabadilishwa karibu mara nne ndani ya saa hiyo. Oili ambayo ingeponyoka kidogokidogo kama chemba isingekuwepo inatoka yote kwa mkupuo, pamoja na tope lililokorogwa kutoka chini. Chemba ya namna hiyo ni ghala la oili linalofunguliwa mlango siku ya mvua kubwa.

Kwa Kigoma hilo lina uzito wake. Mteremko wa kutoka Mwanga kushuka hadi bandarini ni mfupi na mkali, maji hayapati pa kupumzikia, na mwisho wa mitaro ni Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake mengi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi oili wala tope. Tope lenyewe ni uchafu kamili huku, ingawa watu wengi hufikiria uchafu ni oili na plastiki tu. Utafiti wa mwanasayansi Andrew Cohen na wenzake uliochapishwa 1993 ulionyesha kuwa sehemu za ziwa zinazopokea mashapo mengi zina aina chache za viumbe kuliko sehemu safi. Sababu mojawapo inaonekana kwa macho: samaki wengi wa kwenye miamba hula mwani unaoota juu ya mawe, na mawe yaliyofunikwa tope hayaoti mwani wa maana. Mji huohuo unakunywa maji ya ziwa.

Nyota tatu zilizopotea zinarudishwa kwa vitu viwili ambavyo karibu kila fundi huviacha nje ya bei anayokutajia: paa na tuta. Sehemu ya kuoshea iezekwe kwa bati, sakafu ya mita 4 kwa 6 inatosha gari moja, na bati litokeze nje ya sakafu angalau sentimita 60 kila upande kwa sababu mvua za huku huja na upepo. Maji ya paa yapelekwe kwa gata na bomba lake, yasikanyage sakafu ya kuoshea hata kidogo. Ukiwa na tangi, yavune: paa hilo pamoja na sehemu zilizotokeza ni mita za mraba 37, na kwa mvua ya milimita 40 ni lita 1,500 hivi, maji ya kuoshea magari kumi. Kuzunguka sakafu weka tuta la zege la kimo cha sentimita 10, lililolainishwa pande zote mbili ili gari lipite bila kugonga chini. Tuta linazuia maji ya ua yasiingie na maji ya kuoshea yasitoke. Sakafu ndani ya tuta iteremke asilimia 2 kuelekea kwenye chujio la kuingizia maji chemba ya kwanza, yaani sentimita 2 kwa kila mita.

Maji ya ua uliobaki, ambayo hayana oili nyingi ila yana tope, hayahitaji chemba. Yanahitaji mfereji mpana wenye nyasi na vizuizi vya mawe. Kizuizi cha sentimita 30 kwenye mteremko wa asilimia 5 kinahitaji mwenzake kila mita 6, ili kichwa cha kile cha chini kiwe usawa na mguu wa kile cha juu. Ukiviachanisha zaidi ya hapo, maji yanachimba katikati na unaanza kutengeneza korongo kwa gharama yako mwenyewe. Katikati ya kizuizi pawe chini kidogo kuliko ncha zake, la sivyo maji yatapita pembeni na kula kingo. Nyasi za vetiva zikipandwa kwa msongamano wa sentimita 10 hadi 15 zinashika vizuri kingo hizo.

Turudi kwenye kununua. Usiulize bei ya chemba; uliza mifuko ya saruji. Pete ya sentimita 10 ina zege la mita za ujazo 0.17, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inakula mfuko mmoja wa kilo 50 na kidogo juu yake. Pete tisa ni mifuko kama kumi. Vitako vitatu na mifuniko mitatu ya unene wa sentimita 10 vinaongeza minne hadi mitano, na lipu na niru (saruji tupu ya kulainishia juu ya lipu) mingine miwili. Kazi nzima iko kwenye mifuko 16 au 17, kabla ya kuhesabu sakafu na tuta. Fundi anayekuambia mfuko mmoja unatoa pete tatu amechakachua tayari: ama ukuta ni mwembamba, ama kokoto ni nyingi kuliko saruji inayoweza kuzishika.

Pima ukuta kwa futi, sehemu nne tofauti, maana fomu iliyopinda hutoa pete nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kwaruza kwa msumari. Zege zuri linaacha mstari mweupe mwembamba, bovu linamwaga unga. Gonga kwa nyundo ndogo: mlio mkali ni dalili nzuri, mlio mzito unaonyesha ufa au mapovu ndani. Uliza lini ilimwagwa. Pete inapaswa kumwagiliwa maji siku saba na kukaa siku 28 kabla ya kufukiwa. Inayouzwa ikiwa na siku tatu haionyeshi kasoro yoyote mpaka ishushwe shimoni. Na kushusha nako ni shughuli: pete moja ina uzito wa kilo 400 na zaidi, kwa hiyo vijana wawili na kamba hawatoshi. Tumia miti mitatu na winchi ya mnyororo, au itelezeshe juu ya mbao, na asibaki mtu chini ya pete shimoni.

Kwenye kufunga, kosa linaloharibu kila kitu liko kwenye viungo vya bomba, na halionekani mfuniko ukishafungwa. Bomba linaloingia na linalotoka kila chemba lifungwe tii (kiungo chenye midomo mitatu), si elbo (kona yenye midomo miwili). Mguu wa chini wa tii ya kuingilia uzame sentimita 30 chini ya uso wa maji, ili maji yasimwagike juu na kuvuruga oili iliyotulia. Mguu wa tii ya kutokea uzame sentimita 60, nusu ya kina, mahali ambapo oili haifiki na mchanga haujafika. Mdomo wa juu wa tii uachwe wazi. Fundi maiko atafunga elbo kwa sababu ni rahisi zaidi, na matokeo yake ni kwamba maji yakijaa bomba, mvuto unanyonya chemba mpaka usawa wa oili unashuka na kuchukuliwa nao. Mdomo wazi unaingiza hewa na kukata mvuto huo. Unasaidia pia kupitisha fito bomba likiziba.

Bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 katika kila chemba. Kwa chemba tatu na mabomba katikati unahitaji tofauti ya kama sentimita 20 kutoka chujio hadi mtaro. Pima hiyo kwa mpira wa maji kabla ya kuchimba, kwa sababu kuna mitaro ambayo kitako chake kiko juu kuliko unavyodhani, hasa iliyojaa mchanga.

Maungio ya pete yapigwe mota ya 1:3 (saruji kwa mchanga) ndani na nje, kisha ndani pote papigwe lipu na niru. Kabla ya kufukia, jaza maji na uache usiku mzima zege linywe. Jaza tena hadi alama, funika, pima baada ya saa 24. Ikishuka zaidi ya sentimita moja, pana uvujaji, na oili inayovuja chini hainuki wala haionekani mpaka kisima cha jirani kiharibike. Jaribio hili lisainiwe kabla ya malipo ya mwisho. Fundi mzuri hatalikataa.

Sabuni ndiyo adui ambaye watu hawamtarajii. Sabuni ya unga na dawa za kukata grisi huvunja oili kuwa matone madogo sana. Tone la mikroni 20 linapanda milimita 0.02 kwa sekunde, chini kabisa ya ile 0.3 inayotakiwa, kwa hiyo linapita chemba zote tatu kama halijaona kitu. Maji ya mwisho yakiwa ya rangi ya maziwa, tatizo liko kwenye ndoo ya sabuni, usimlaumu aliyejenga. Kuongeza chemba ya nne hakusaidii. Kinachosaidia ni kufuta grisi kwanza kwa vumbi la mbao na matambara, kuosha injini juu ya trei yake, na kuyaweka maji ya trei pembeni kwenye dumu pamoja na oili chafu. Petroli au mafuta ya taa ya kuoshea vipuri yasiingie kwenye chemba kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya mfuniko, na sigara moja inatosha.

Usafishaji hauna ujanja. Kuwa na fimbo yenye alama. Tope likifika sentimita 30 kwenye chemba ya kwanza, ondoa. Oili ikifika unene wa sentimita 5 kwenye ya pili, ikombe kwa bakuli pana uitie kwenye dumu. Kama kila gari linaacha kilo moja ya udongo, na msimu wa matope linaweza kuacha zaidi, magari 20 kwa siku yanajaza chemba ya kwanza hadi alama ndani ya wiki mbili hivi. Anayekuambia utasafisha mara moja kwa mwaka anafikiria choo. Tope lianikwe kwenye sakafu ya zege yenye ukingo, inayoteremkia kwenye chemba ya kwanza, ili maji yanayochuruzika yarudi yalikotoka. Kulimwaga kwenye mtaro ni kuahirisha safari yake ya ziwani hadi mvua ijayo, na shambani halifai kwa sababu lina oili. Oili chafu ni taka hatarishi kisheria. Ikusanywe na mwenye kibali. Ile desturi ya kuipaka kwenye mbao kuzuia mchwa iepukwe mahali popote mvua inapoosha mbao hizo, na hasa kwenye vibanda vya ufukweni. Asiingie mtu ndani ya chemba: gesi ya tope lililooza inaweza kumwangusha kabla hajapiga kelele.

Kulinganisha na vingine kunachukua muda mfupi. Pipa la chuma la lita 200 lina uso wa robo mita ya mraba. Kwa mpira mmoja kasi inakuwa karibu milimita 1 kwa sekunde, karibu mno na ile 1.2 ya tone la oili, na kutu inalimaliza. Linafaa kijiwe cha kuoshea bodaboda kwa muda, basi. Shimo la matofali ya kuchoma lililopigwa lipu linapasuka udongo unapovimba na kusinyaa. Tangi la plastiki halivuji, ila linaminywa na udongo likiwa tupu, na maji ya ardhini yakipanda linaibuka.

Kuibuka huko hakuko kwa plastiki peke yake, na hapa wenye maeneo ya chini kama Kibirizi wasome mara mbili. Chemba ya pete za ukuta wa sentimita 7.5, yenye kina cha mita 1.5, ina uzito wa tani 1.4 pamoja na kitako na mfuniko. Maji ya ardhini yakifika juu yanaisukuma kwa nguvu inayozidi tani 1.5. Ikiwa imejaa haitikisiki. Ukiimwaga ili kuisafisha, inanyanyuka na kuvunja mabomba. Kwa ukuta wa sentimita 10 mizani inakaribia kulingana, ambayo bado si salama. Kitako kitokeze nje ya ukuta sentimita 20 pande zote ili udongo ukikalie, chemba zisimwagwe zote kwa pamoja, na iliyosafishwa ijazwe maji siku hiyohiyo.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na chemba nzuri haikupi ruhusa ya kukaa humo. Kiwango cha ziwa kilipanda sana kuanzia 2020, kwa hiyo mita zilizopimwa miaka ya nyuma zipimwe upya. Kuunganisha bomba la mwisho kwenye mtaro wa umma kunahitaji kibali cha manispaa. Kipate kabla ya kuchimba.

Nje ya mita hizo, lakini bado bondeni ambako maji ya ardhini hayako mbali, mpango tofauti unafaa zaidi: pandisha sakafu ya kuoshea sentimita 60 kwa kifusi na zege, weka njia ya gari ya kupandia yenye urefu wa mita 5, kisha jenga sanduku la zege la nondo lenye vyumba vitatu pembeni yake, nusu juu ya ardhi, kina cha maji sentimita 80, upana mita 1, urefu mita 3.5. Linabeba lita 2,800 zilezile, haliibuki kirahisi, na uvujaji unaonekana kwenye ukuta wa nje. Linakula nondo na mbao za fomu, hivyo ni ghali kuliko pete. Kwa eneo la namna hiyo chemba za makalavati, hata zenye paa na tuta, zinabaki na nyota mbili.